Mama wa miaka 74, tansio na sukari, madaftari manne: tuanzie wapi hapa Lubumbashi?

binti_katuba

Jambo wakubwa. Mama yetu ana miaka 74, anakaa Katuba. Ana tansio (shinikizo la damu) na sukari. Akijisikia vibaya anapelekwa penye karibu: leo farmasi, wiki ijayo kabinee (kliniki ndogo) ya pembeni ya soko, siku nyingine hospitali kubwa. Sasa ana madaftari manne, kila moja na dawa zake, na hakuna daktari aliyeyaona yote kwa pamoja.

Baba alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akatoka na wale wa kuondoka kwa hiari ya 2003, akafariki mwaka juzi. Mama hajawahi kwenda CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) kuuliza kitu. Watoto tuko wanne, wawili wako Kolwezi na Likasi, kila mmoja anatuma pesa akiitiwa.

Naomba kujua: matibabu tuyapange namna gani, CNSS kuna haki yoyote ya mjane, na mituele ya afya (bima ya kuchangishana) ina maana kwa mtu wa umri huo? Tafadhali msiniambie tu "mpelekeni hospitali". Hospitali tunaijua njia.

infirmie_ruashi

Dada, kabla ya kumpeleka popote, weka mezani yale madaftari manne pamoja na maboksi yote ya dawa yaliyo nyumbani, hata yaliyobaki vidonge viwili. Andika karatasi moja: jina la dawa lililo kwenye boksi (si "kile cheupe kidogo"), miligramu, mara ngapi kwa siku, nani aliandika, lini. Utakuta dawa moja yenye majina mawili ya kibiashara, mama anakunywa zote mbili. Kwa mzee anayezungukazunguka jambo hilo ni la kawaida kabisa.

Halafu chagueni kituo kimoja cha afya, kile cha eneo lenu la afya, si lazima kile chenye sifa. Kwa nini kituo na si hospitali? Tansio na sukari vinahitaji kuonwa kila mwezi na mtu yuleyule, na hospitali ya rufaa haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mpango wenyewe ni ngazi: kituo cha afya chini, hospitali kuu ya rufaa ya zoni katikati, juu kabisa hospitali ya mkoa kama Sendwe, na Kliniki za Chuo Kikuu. Anayeruka ngazi bila karatasi ya transferi (rufaa) mara nyingi hulipa zaidi, anaanza upya na vipimo vyote, na anarudi nyumbani bila mtu wa kumfuata.

Daftari liwe moja, gumu, la jalada zito. Ukurasa wa kwanza: majina yote, mwaka wa kuzaliwa, magonjwa, dawa zinazomdhuru, simu ya mtoto mmoja. Mmoja tu, dada, maana wanne wakipokea maelezo manne mtarudi kwenye madaftari manne. Kurasa zinazofuata zigawe kwa mistari: tarehe, tansio, sukari, uzito, dawa iliyobadilishwa na sababu ya kubadilisha. Safu ya "sababu" ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayomzuia daktari mwingine kurudisha dawa iliyokwisha kuachwa kwa sababu ilimvimbisha miguu.

Sasa asubuhi ya kontroli (siku ya kuonwa na daktari), maana hapo ndipo mambo mengi yanaharibika. Mama anaambiwa aje bila kula kwa ajili ya kipimo cha sukari. Basi anaacha kila kitu, na dawa ya tansio pia. Anafika saa tatu amechoka na foleni, tansio inapanda, daktari anaona namba kubwa na kuongeza dawa ya pili. Wiki moja baadaye mama anaanguka usiku akienda chooni. Dawa ya tansio inakunywewa asubuhi hiyo kama kawaida, na maji matupu, isipokuwa daktari amesema vingine. Dawa ya sukari ndiyo inayongoja hadi atakapokula. Kwa hiyo beba chai na mkate kwenye mfuko. Damu ikishatolewa ale palepale, asingoje kufika nyumbani.

Namna ya kupima: akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupandisha mmoja juu ya mwingine, amekojoa, hajanywa kahawa nusu saa kabla, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Pima mara mbili, vipimo viachane dakika moja au mbili. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Kwa mzee ongeza kipimo kimoja ambacho wengi wetu tunakiruka kwa haraka: asimame, upime tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, andika kwa kalamu nyekundu na umwambie daktari kabla hajaongeza kitu.

Na akitumwa hospitali, siku ya kutoka msiondoke na fakitire (bili) peke yake. Ombeni karatasi ya kurudisha kwenye kituo: ugonjwa uliopatikana, dawa za kuendelea, zilizosimamishwa, tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo inaombwa kwa daktari wa salle (wodi), asubuhi ya mzunguko. Ukiingoja kwenye kaisa (dirisha la kulipia) hutaipata.

farmasi_kampemba

Infirmie amesema vizuri. Mimi naongeza upande wa dawa.

Kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye lile lundo ni diklofenake na ibiprofene, dawa za maumivu. Mzee yeyote mwenye magoti huwa nazo. Zinapandisha tansio, zinachoma tumbo, na zikikutana na kaptopirile au enalapirile (dawa za tansio) pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaumia. Watatu hao wasiishi nyumba moja. Kwa maumivu ya magoti parasetamoli inatosha kuanzia. Cha pili ni vile vidonge vya "nguvu na hamu ya kula" vinavyouzwa kwa rejareja: mara nyingi ndani kuna deksametazone au prednisolone. Sukari ikipanda ghafla bila mama kubadilisha chakula, mimi huanza kuuliza hapo.

Cha tatu, glibenklamide, dawa ya sukari. Ni ya bei ndogo na iko kila mahali, lakini OMS (Shirika la Afya Duniani) kwenye orodha yake ya dawa muhimu imeandika kwamba haifai kwa watu wa zaidi ya miaka 60, kwa sababu inashusha sukari na kuiacha chini kwa saa nyingi. Msimwachishe wenyewe. Muulize daktari kama anaweza kupewa gliklazide, au abaki na metformine peke yake. Metformine inakunywewa katikati ya chakula au mara baada yake, la sivyo itamharisha na ataiacha kimyakimya. Na kreatinini (kipimo cha figo) ipimwe walau mara moja kwa mwaka, kwa sababu figo zikichoka dozi inapunguzwa au dawa inaondolewa.

Dalili za sukari kushuka kwa mzee si kutetemeka tu. Anaweza kuanza kusema ovyo, kukasirika bila sababu, kulala mchana kupita kawaida, na watu wakasema "ni uzee". Pima. Chini ya 70 (mg/dl), mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena, kisha ale. Akiwa hajitambui, usitie kitu mdomoni. Hospitali moja kwa moja.

Nunueni dawa ya mwezi mzima mahali pamoja, na mje na boksi la zamani. Amlodipine ni mara moja kwa siku, ndiyo maana wazee wanaishika. Kaptopirile ni mara mbili au tatu, na ile ya mchana karibu kila mtu anaisahau. Kama daktari anaweza kupanga kila kitu kwenye asubuhi na jioni, mwombe. Hilo ni ombi la kawaida, si dharau.

mtu_wa_dosie

Nije kwenye CNSS, maana hapa watu wanachanganya mambo mawili.

CNSS hailipi matibabu ya mstaafu. Ina matawi matatu: posho za familia, ajali na magonjwa ya kazi, na pansioni. Kwa hiyo msiende huko na fakitire ya hospitali. Mnaenda kudai pansioni ya mjane, na pesa hiyo ndiyo mtakayoipangia dawa. Mtu ambaye hakuchangiwa kabisa hana pansioni ya uzee kutoka serikalini. Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee, lakini hakuna guichet (dirisha) ya kuchukulia pesa kwa ibara hiyo.

Sheria ya 15 Julai 2016 ndiyo iliyoweka utaratibu wa sasa: miaka 60 kwa mwanamume na mwanamke, na miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Mchango wa pansioni ni 10 kwa mia ya mshahara, nusu ya mfanyakazi, nusu ya mwajiri. Mfanyakazi aliyekuwa na pansioni au aliyefikisha masharti, mjane wake ana cha kudai. Asiyefikisha miezi, kuna malipo ya mara moja.

Kuhusu kuondoka kwa hiari: ile pesa ya 2003 na 2004, waliyopewa watu zaidi ya 10,000, ilikuwa hesabu ya kumaliza kazi. Haifuti miezi ambayo baba alichangiwa INSS, jina la zamani la CNSS. Wajane wengi hawaendi kabisa kwa sababu waliambiwa "baba yenu alishalipwa". Hayo ni mafungu mawili tofauti.

Dosie yenyewe. Tafuteni namba ya baba: iko kwenye kadi au kitabu cha INSS, au kwenye karatasi za mshahara. Ombeni CNSS orodha ya michango yake kabla ya kupeleka chochote, kwa sababu karatasi ya mshahara inaonyesha kwamba pesa ilikatwa, haionyeshi kwamba ilifika. Kama kuna mashimo, tafuteni sertifika ya kazi yenye tarehe ya kuingia na kutoka. Halafu akti (cheti) ya kifo ya eta-sivile, ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Ile karatasi ya hospitali peke yake haitoshi, ni ya kwenda kuombea akti. Akti ya ndoa. Karatasi ya komini (manispaa) kwamba mama ni mjane na hajaolewa tena. Kitambulisho, picha.

Vitu viwili vinasimamisha dosie kuliko vyote. Cha kwanza ni ndoa: mahari ililipwa, wazee walikuwepo, lakini haikuandikwa eta-sivile. Mume akishafariki huwezi tena kwenda kuiandikisha naye, inabidi mpite mahakamani na mashahidi wa familia zote mbili. Anzeni na hilo mapema, wakati walioshuhudia bado wako hai. Cha pili ni majina. Aliyeajiriwa kabla ya 1972 aliandikwa na jina la ubatizo. Ilipokuja Authenticité, siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye majina ya asili, jina hilo likafutwa na la babu likaongezwa. Kwenye kadi ni mtu mmoja, kwenye akti ya kifo anaonekana mwingine. Pitieni karatasi zote kwa pamoja, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia, kisha mwombe uthibitisho kwamba ni mtu yuleyule KABLA ya kuweka dosie. Ikishakataliwa kwa sababu ya majina, inalala.

Fanyeni kopi ya kila kitu. Mkiweka dosie, chukueni akize (karatasi ya kuthibitisha kupokea) yenye muhuri na tarehe. Bila hiyo hamna dosie, mna maneno.

papa_kamalondo

Mituele kwa mtu wa miaka 74 mwenye sukari ni kutupa pesa. Watamkataa au hawatamlipia.

mtu_wa_dosie

@papa_kamalondo Inategemea, mkubwa. Nyingi zinaandikisha familia nzima, si mtu mmoja, sababu ni kwamba wagonjwa tu wakijiandikisha mfuko wa pesa unaisha. Kwa hiyo mama asiandikishwe peke yake. Aingie kwenye kadi ya mtoto anayekaa naye, kama kanuni zinaruhusu wazazi. Ukienda, uliza haya na uonyeshwe kwenye maandishi: kuna mwisho wa umri? Kungoja ni miezi mingapi kabla ya kuanza kutibiwa (mitatu ni kawaida)? Sukari na tansio, dawa za kila mwezi zinalipiwa au ni kulazwa tu? Mgonjwa anaongeza asilimia ngapi? Vituo gani vina mkataba, na cha kwenu kimo? Kama dawa za mwezi hazimo, basi nakubaliana na wewe nusu: inabaki na faida siku ya kulazwa tu, kwa sababu mwenye kadi haombwi kosio (pesa ya dhamana kabla ya kutibiwa) ileile.

Na bima ya kazi ya mtoto msiitegemee. Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi, mke au mume wake na watoto wake. Mzazi hamo. Kampuni nyingine zinamwongeza kwa makubaliano yao, muulizeni huyo wa Kolwezi kama yake inafanya hivyo.

binti_katuba

Aksanti sana. Ndoa ya wazazi haikuandikwa, nilijua mtasema hivyo. Swali lingine: usiku mama akibadilika ghafla, tuanze na kituo ili tupate transferi, au?

infirmie_ruashi

Hapana! Ngazi ni za siku za kawaida. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakagoma kutoka, mnaenda hospitali saa hiyohiyo bila karatasi ya mtu. Andikeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, watawauliza. Msimpe maji wala chakula, kumeza kunaweza kuwa kumeharibika na vitaingia kwenye mapafu. Msimpasulie kaptopirile chini ya ulimi, hata jirani akisisitiza: tansio ikishushwa kwa kishindo wakati huo, ubongo unakosa damu zaidi. Kitu kimoja tu cha kufanya nyumbani ni kupima sukari kama kifaa kiko karibu, kwa sababu sukari iliyoshuka inaweza kufanana kabisa na hiyo kitu.

Kwenda na manseba (pikipiki ya teksi) mgonjwa kama huyo haiwezekani, ataanguka. Muwe na namba za madereva wawili wa teksi wanaolala karibu, mmekwisha kuelewana nao bei ya usiku.

mlinzi_wa_mgonjwa

Kuhusu pesa, kwa kuwa mko wanne. Msingoje kuitana. Kila mwezi mtume kiasi kilekile kwenye namba moja ya simu ambayo si ya matumizi ya nyumba, na itumike kwa mafungu mawili: dawa na kontroli ya mwezi, kisha akiba ya kosio. Familia nyingi zinapata pesa ya hospitali lakini inafika siku ya pili, na ile siku ya kwanza ndiyo yenye thamani. Mkilipa kosio, risiti iandike neno kosio na jina la mgonjwa, kwa sababu inatolewa kwenye fakitire ya mwisho na bila risiti mtaanza kubishana. Ombeni kuona fakitire kila siku ya tatu, msingoje siku ya kutoka. Mkizidiwa, nendeni kwa huduma ya jamii ya hospitali mama akiwa bado kitandani, na cheti cha indijansi (umaskini) kutoka komini kama mnastahili. Ukishafika kwenye kaisa siku ya kutoka, hakuna wa kukusikiliza. Caritas ya parokia nayo huuliza karatasi, si machozi.

Nyumbani: kitochi kando ya kitanda, SNEL (kampuni ya umeme) haimngojei mtu. Ndoo au kiti cha choo chumbani usiku. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi sitini, ndipo asimame. Viatu vya kushika kisigino, si sapata (kandambili). Akija kulala muda mrefu, ageuzwe kila saa mbili na muangalie mapaja, visigino na mfupa wa juu ya makalio. Ngozi ikiwa nyekundu na ukibonyeza haipauki, kidonda kimeshaanza chini.

farmasi_kampemba

Kama siku moja atawekwa kwenye insulini: chupa ambazo hazijafunguliwa kati ya digrii 2 na 8, mbali na barafu, maana iliyoganda inatupwa hata ikionekana safi. Iliyofunguliwa inakaa karibu wiki nne mahali pa baridi. Andika tarehe ya kufungua juu yake. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, nyumba za bati zinakuwa tanuri. Tumieni vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Insulini iwe kwenye kikopo kikavu ndani.

binti_katuba

Nimeelewa. Na chakula? Anasema bila makayabo (samaki wa chumvi) bukari (ugali) haishuki.

farmasi_kampemba

Makayabo si marufuku kwa mwaka mzima. Iloweke usiku, mwage maji, loweka tena asubuhi, mwage, kisha ichemshe na maji yamwagwe mara moja kabla ya kupika. Usiongeze chumvi wala kile kijikube cha kukoleza mchuzi kwenye sombe (majani ya muhogo) siku hiyo. Nusu ya tatizo ni kijikube, kila mpishi wa nyumba anatia kimoja bila kumwambia mwingine. Bukari ipunguzwe hadi ukubwa wa ngumi yake, lengalenga (mchicha) iongezwe. Munkoyo (kinywaji cha mahindi) ya sukari aiache, au ipikwe bila kutiwa sukari na anywe glasi ndogo akiwa amekula.

mtu_wa_dosie

Kabla sijasahau, dada: pansioni ikitoka, CNSS itamtaka mama athibitishe uhai wake kila inapofanya udhibiti, na asipoonekana malipo yanasimama. Kama hawezi kutembea, toeni habari kwa maandishi mapema na muombe waje nyumbani au waeleze utaratibu wa prokurasio (karatasi ya kumwakilisha), iliyotiwa muhuri komini. Na namba ya siri ya kadi ya benki ibaki kwa mama mwenyewe na mtoto mmoja aliyeandikwa kwenye hiyo prokurasio. Mjukuu wa kutumwa mashine asiwe ndiye anayeishika.